Ushauri: Nina karakana ya samani Keko. Nifungue LinkedIn au nibaki na Instagram?

Mleta mada (Randa na Msasa):
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, yenye mafundi sita, na kwa miaka minne sasa tangazo langu kubwa limekuwa ukurasa wa Instagram. Umeniletea wateja wengi, ila kila oda ni ya nyumba moja: leo kitanda cha futi tano kwa sita, wiki ijayo meza ya televisheni, na katikati mafundi wamekaa huku kodi ya karakana ikihesabu siku.

Mwezi uliopita alikuja meneja wa manunuzi wa hoteli moja inayojengwa, akitafuta mtu wa kutengeneza vitanda arobaini. Alipapasa maungio ya meza ya mninga tuliyoipiga msasa asubuhi ile, akainama kutazama upande wa chini, mahali ambapo mafundi wengi hawahangaiki kupitisha randa, nikaona ameridhika. Kisha akaomba wasifu wa kampuni. Kwa kuwa sikuwa nao, nilimfungulia Instagram kwenye simu yangu. Picha ya kwanza ilikuwa kitanda, ya pili harusi ya binamu yangu, ya tatu utani wa Simba na Yanga. Alinirudishia simu kwa adabu na kusema angenipigia. Hajapiga hadi leo.

Kuna aliyenishauri nifungue LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na biashara. Je, mtandao huo unamfaa mtu kama mimi, niliyesomea useremala chuo cha ufundi cha VETA na ambaye Kiingereza changu ni cha kuombea maji? Naomba kuwasilisha.

Fundi Alumini:
Pole, ndugu. Kwa maoni yangu LinkedIn ni ya watu wanaotafuta ajira. Kazi zangu zote kubwa za madirisha zimetoka kwa wasanifu majengo na makandarasi wanaoifahamu namba yangu, kwa hiyo tafuta koneksheni hizo kwanza. Weka WhatsApp Business, panga bidhaa zako kwenye katalogi, maana picha za status hufutika baada ya saa 24 na mteja wa hoteli hawezi kukumbuka ulichokiweka juzi.

Afisa Ununuzi Mstaafu:
Ninatofautiana kidogo na aliyetangulia, kwa sababu hao wasanifu na makandarasi anaowataja ndio walioko LinkedIn, tena kwa majina yao halisi na nyadhifa zao, jambo ambalo Instagram haikupi. Nilipokuwa kazini, tukishapokea nukuu za bei tulikuwa tunalitafuta jina la mwenye biashara mtandaoni kabla ya kumwita. Hatukuhesabu wafuasi. Tulitaka kujua kama mtu huyo yupo, amefanya kazi gani, na nani mwingine anamfahamu.

Mleta mada, anza na akaunti yako binafsi, kwani huwezi kufungua ukurasa wa kampuni pale bila kuwa nayo. Kwenye mstari ulio chini ya jina usijiite Mkurugenzi Mtendaji, wakurugenzi wamejaa. Andika unachotengeneza, kwa ajili ya nani, na mahali ulipo: "Samani za mbao ngumu kwa hoteli na ofisi, Keko, Dar es Salaam." Baada ya hapo onyesha kazi kuliko kuisifu. Eleza unavyozikausha mbao kabla ya kuzikata, na kwa nini mbao mbichi hupinda ikishakuwa mlango wa kabati. Maelezo ya namna hiyo humtuliza mnunuzi kuliko picha ishirini za vitanda vilivyokwisha kupakwa vanishi. Andika kwa Kiswahili, kwa sababu wengi wa hao maofisa ni Waswahili wenzako, na uongeze sentensi mbili za Kiingereza kwa ajili ya wageni.

Lakini mtandao hautafunika upungufu wa makaratasi. Jina la biashara liwe limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uwe na TIN (namba ya mlipakodi), leseni hai na risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki. Ukitaka zabuni za serikali, jisajili katika NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, ambao ulichukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS mwaka 2023. Huko hakuna anayeangalia Instagram wala LinkedIn.

Mama Mapazia:
Usiifunge Instagram, kaka yangu, inakulisha. Ihamishie harusi kwenye akaunti nyingine tu, na uache ule mtindo wa "bei njoo inboksi", unaowachosha hata wateja wa kawaida.

Mimi nilikaa LinkedIn miezi minane bila oda hata moja, na karibu nikate tamaa. Nilichokuwa nakosea ni kubandika matangazo na kuondoka. Nilipoanza kuchangia chini ya machapisho ya wasanifu wa ndani, nikieleza mathalani kwa nini kitambaa fulani hufifia upesi kwenye madirisha yanayopigwa na jua la jioni, mmoja wao akaniuliza kama ninapima mwenyewe. Oda yangu ya kwanza ya ofisi ilitokana na swali hilo.

Jambo jingine: omba ruhusa kabla ya kuonyesha picha za ndani ya nyumba ya mteja, hasa zikiwa na sura za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, hakuna anayependa kuona sebule yake mtandaoni.

Mleta mada (Randa na Msasa):
Nawashukuru sana. Leseni na TIN ninazo, jina nitalisajili wiki hii, na akaunti ya LinkedIn nimeifungua jana usiku kwa jina langu kamili. Swali la mwisho: yule meneja wa hoteli nimpigie?

Afisa Ununuzi Mstaafu:
Usipige. Mwandikie barua pepe fupi, uambatanishe wasifu wa ukurasa mmoja, nakala ya leseni na picha tatu za ile meza ya mninga. Moja iwe ya upande wa chini aliouinamia.