Naomba ushauri: mikono inapukutika kwenye spiriti

Habari zenu wakuu, nafundisha baiolojia huku Unguja. Maji yakikupwa tunawakuta wale ndugu wa kiti cha pweza wenye kisahani katikati na mikono mitano myembamba yenye vimiba, nahisi ni Ophiocoma scolopendrina maana maji yakianza kujaa wanabaki wamejibanza kwenye ufa wa mwamba wanatoa mikono tu kufagia msosi unaoelea juu. Shida ni sampo ya maabara, nikimtumbukiza kwenye spiriti mikono inapukutika yote, baharini ingeota tena ila kwenye chupa ndo basi. Nimejaribu barafu, wapi, maji ya bomba ndo kabisaa. Kuna aliyewahi kuwalegeza kwanza kwa magnesiamu kloraidi? Unaweka kiasi gani kwa lita?