Safari ndefu ya mazoezi ikiharibika katikati: nisonge au nigeuze?

Kanyagia
Heshima kwenu wakuu. Najiandaa kwa breve (safari ndefu ya baiskeli yenye kikomo cha muda) ya kilomita 200, ile ya kumaliza ndani ya saa 13 na nusu. Mazoezi mafupi hayanisumbui. Kasheshe ni zile siku za kilomita 150. Juzi upepo wa mbele ulinidaka mapema, baadaye pancha, nikabadilisha tyubu, sijaenda mbali pancha tena tairi lilelile. Nikakaa juani kubandika kiraka huku vidole vya mwisho vya mikono vimekufa ganzi. Hapo akili ikagoma kabisa. Nikaona mchezo huu si wangu, nikapanda gari. Nimefika nyumbani, nimekula, baada ya muda niko fiti hata sielewi niliacha kwa nini. Mnajuaje hapa ni pa kuvumilia na hapa ni pa kugeuza? Msiniambie "kaza moyo", nimeshakaza.

MzeeWaGia
Mkuu, moyo baadaye, kwanza tumbo. Ulikula nini njiani?

Kanyagia
Njiani kidogo sana mzee, nikipambana na upepo hamu ya kula inapotea. Maji nilikunywa mengi mno.

MzeeWaGia
Basi jibu unalo. Akiba ya wanga mwilini, ukikanyaga kwa nguvu, inaweza kuisha ndani ya saa mbili hivi. Miguu inakuwa mizito, ila wa kwanza kulalamika mara nyingi ni ubongo, maana nao unategemea sukari hiyohiyo. Mtu mzima anataka kulia kwa sababu ya pancha! Hiyo ni njaa. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, uanze saa ya kwanza, usingoje hamu. Sheria yangu mimi: hakuna kuamua kuacha ukiwa na njaa. Kaa kivulini, kula, ngoja dakika 20, ndipo uamue. Na maji mengi bila chumvi nayo yana hatari yake: sodiamu kwenye damu ikishuka sana kichwa kinauma, unapata kichefuchefu, unachanganyikiwa. Kunywa kwa kiu.

DadaMwendo
Naunga mkono, lakini mzee, yapo yasiyongoja hizo dakika 20. Kifua kubana, kuchanganyikiwa kwenye joto kali, goti linalozidi kuuma hadi unakanyagia mguu mmoja: hapo safari imeisha, tafuta msaada. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma kwa nyuma, huenda iko juu mno.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni neva inayobanwa kwenye kiganja. Badilisha mshiko kila baada ya dakika chache, na angalia kama siti imeinama mbele, maana hapo uzito wote unahamia mikononi. Ikibaki siku kadhaa baada ya safari, muone daktari.

Halafu piga hesabu ya hiyo breve yako. Ni chini kidogo ya kilomita 15 kwa saa, mapumziko yakiwemo. Una muda wa pancha, wa kula, hata wa kununa. Kwenye upepo ficha kabisa namba ya kasi. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo ukilazimisha kilomita mbili tatu za ziada unamaliza nguvu zote mapema. Lainisha gia, inama, acha saa ziende.

Spoku32
Mimi bado niko kwenye hiyo pancha ya pili. Ulipapasa ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya?

Kanyagia
Nilipapasa, hamkuwa na kitu. Tyubu ya pili ilikuwa na matundu mawili, yamekaa sambamba.

Spoku32
Basi si mwiba. Tyubu ilibanwa kati ya riimu na ukingo wa shimo, yaani upepo ndani ya tairi haukutosha. Vile vipampu vidogo vya mkononi vinakuchosha kabla tairi halijajaa. Tafuta chenye mrija na geji. Beba pia kiungo cha akiba cha cheni na kipande cha plastiki ngumu cha kuweka ndani tairi likichanika ubavuni. Waya wa gia ya nyuma ukikatika cheni inaangukia gia ndogo kabisa ya nyuma, ile nzito. Kaza skrubu ya kikomo (ile inayozuia cheni isivuke mwisho wa gia), cheni inaweza kupanda hatua moja au mbili, utajikokota.

Kanyagia
Shukrani wakuu. Wiki hii narudia, naanza na upepo usoni nirudi nao mgongoni.

DadaMwendo
Sawa, ila usichore njia inayopita karibu na kwako katikati. Utaingia.

MzeeWaGia
Mimi hupita kwangu makusudi, dada. Siku nikilipita geti bila kugeuza shingo ndiyo najua niko tayari.

DadaMwendo
Mzee, wewe geti lako limefungwa na mkeo kwa ndani, usidanganye watu 😂