Makro inamaliza kazi ya siku kabla ya adhuhuri. Nimwambie bosi?

MtotoWaLikoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Niko ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa mjini. Kazi yangu ni kutoa namba za kontena kwenye Excel, kuziingiza kwenye tovuti moja baada ya nyingine, kisha kuandika kontena limefikia wapi. Nimetengeneza makro, yaani maagizo yanayoifanya Excel ifanye kazi yenyewe, sasa kufika adhuhuri nimemaliza. Nimwambie bosi au ninyamaze? Naogopa atapunguza watu. Usingizi sipati.

BiMkubwa_Kisauni: Mwanangu, mwambie. Mimi nilikuwa mpiga taipu. Kompyuta zilipoletwa tulilia, lakini aliyewahi kujifunza ndiye aliyekuja kutufundisha sote.

Yakhe001: Usimwambie mtu! Kaa ufukweni Mama Ngina unywe madafu, mshahara ni ule ule.

FundiTononoka: Je, inakagua namba? Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zilizotangulia. Tia hesabu hiyo ndani, namba iliyokosewa ikatae palepale. Hifadhi faili kwa .xlsm, maana .xlsx haibebi makro. Tena weka nakala kwanza: makro ikishapita, Ctrl+Z haikurudishii kitu.

Mdadisi: Ngojeni. Rekoda ya Excel, ile inayounda makro kwa kunasa unachofanya, hunasa ya ndani ya Excel tu. Tovuti imeingiaje? Hadithi hii ya kutunga.

MtotoWaLikoni: Wallahi sijatunga! Makro inapanga namba, halafu programu nyingine, AutoHotkey, inabonyeza kibodi badala yangu.

FundiTononoka: Na kuingia kwenye tovuti? Pasiwadi ya nani?

MtotoWaLikoni: Ya msimamizi wangu. Nimeiandika mle ndani. Lakini alinipa mwenyewe alipokwenda likizo! Na mwenzangu nimeshamwahidi nakala, kesho namletea kwa flashi.

FundiTononoka: Ndugu yangu, hilo ndilo ungeanza nalo. Faili la AutoHotkey ni maandishi matupu, yeyote akilifungua kwa Notepad anaisoma pasiwadi. Na ukikosea, jina litakaloonekana ni la msimamizi. Itoe, omba akaunti yako.

MtotoWaLikoni: Nikiomba ataniuliza ya nini.

BiMkubwa_Kisauni: Na umjibu, mwanangu. Atakusikia akiona hujamficha.

Mdadisi: Sasa nakuamini. Flashi usimpe mtu.

MtotoWaLikoni: Pasiwadi naitoa usiku huu. Flashi ndiyo ngumu, mwenzangu ana mtoto mchanga na hutoka kazini usiku.

FundiTononoka: Mpe ile ya Excel pekee.