Mliotafsiri muvi ya Saw mkamwaga siri dakika ya kumi, mmetuibia. Na nyie mnaoiponda bila kuiona, someni hapa

Wakuu, nina hasira hii tangu Jumamosi usiku na nimeshindwa kuimeza.

Mwaka 2006 nilikuwa chuo, nakaa hosteli ya Mabibo. Chumbani kwetu kulikuwa na kompyuta moja ya mwenzetu, na jioni moja tukajazana watu tisa kwenye vitanda kuangalia picha ambayo hakuna kati yetu aliyewahi hata kuisikia. Dakika za mwisho jamaa mmoja alisimama akashika kichwa. Maandishi yakaanza kupanda na chumba kizima kimya. Kisha mtu akasema turudishe mwanzo, tukairudisha, tukaiangalia tena usiku uleule mpaka karibu alfajiri ili tuone tulipigwa chenga wapi.

Picha hiyo ni Saw, ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 2004. Nimeangalia picha nyingi za kutisha tangu hapo. Ule usiku haujajirudia.

Sasa nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 19. Alipokuwa mdogo nilimkataza kuigusa kwa sababu ya umri. Alipokua nikamkataza kwa sababu nyingine: nilitaka aione kama nilivyoiona mimi, hajasimuliwa chochote. Nikamwahidi akimaliza kidato cha sita tutaiangalia pamoja. Kijana akatii. Akawa anaruka video za mtandaoni, anawakatisha rafiki zake wakianza kuisimulia. Miaka mitatu anajizuia.

Jumamosi nikaenda kwa jamaa anayejaza muvi kwenye flashi. Nikamwambia naitaka ya kwanza, ya Kiingereza, isiyotafsiriwa. Nilirudia mara mbili. Akasema ipo, akaweka, nikalipa. Nyumbani tukazima taa, tukakaa. Haikupita hata dakika, sauti ya mtafsiri ikaingia juu ya kila kitu. Nikataka kuizima, lakini dogo ameshakaa mkao, bando la kupakua nyingine sina, nikasema basi, Kiswahili ni chetu, tuendelee.

Dakika kama ya kumi, watu waliomo kwenye picha hawajajua hata wamefikaje pale walipo, mtafsiri akatamka. Akataja nani yuko nyuma ya mchezo wote. Hakuulizwa na mtu. Tukio lililokuwa kwenye skrini wakati huo halihusiani kabisa na alichokisema. Aliamua tu kutuonesha kwamba yeye ameshaimaliza.

Mpwa wangu akanigeukia: "Anko, kwa hiyo ndiye huyo?"

Sikumjibu. Tukaendelea kuangalia, na kwa saa moja na nusu nilikuwa namwona anakodolea macho mahali ambapo hakupaswa hata kupafikiria. Ilipofika ule mwisho, ambapo sisi watu tisa tulinyamaza, yeye akaniangalia kwa huruma na kusema ni nzuri. Ananipa pole mimi.

Najua kuna watakaosema ni muvi tu. Kwa picha nyingine ningekubali. Ukinisimulia mwisho wa picha ya kivita yenye helikopta na magari yanayolipuka, bado nitaangalia helikopta. Saw haina helikopta. Wanaume wawili, daktari anayeitwa Lawrence Gordon na kijana mpiga picha anayeitwa Adam, wanazinduka katika bafu chafu lililoachwa, kila mmoja amefungwa mnyororo mguuni kwenye bomba, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mifukoni wana kanda. Kanda inamwambia daktari kwamba asipomuua mwenzake kabla ya saa kumi na mbili, mke wake na binti yake watakufa. Wanapewa misumeno. Basi, huo ndio mtaji wote wa picha: chumba, watu wawili, saa ya ukutani na siri. Ukiitoa siri unabaki na bafu.

Na hapa ndipo hasira yangu inapohamia kwa watu wa pili, yaani wachangiaji wa jukwaa hili. Baada ya yale ya Jumamosi nilikuja kusoma nyuzi za zamani kuhusu picha hii, nikidhani nitapata wa kuliwazana naye. Nilichokuta ni watu wanaandika "bajeti ya njaa", "chumba kimoja mwanzo mwisho", "stelingi hajulikani ni nani". Kisha mmoja anakiri palepale kwamba aliangalia muhtasari wa dakika nane. Dakika nane! Halafu anaipa mbili kwa kumi.

Tuanze na hiyo bajeti. James Wan na Leigh Whannell walikuwa vijana waliokutana chuoni Melbourne, Australia, na hawakuwa na fedha. Walijiuliza ni hadithi gani wanayoweza kuimudu wenyewe, na jibu likawa watu wawili ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo kile unachokiita udhaifu wa bajeti ndicho kilichoizaa hadithi yenyewe. Whannell akaandika, na Adam unayemwona pale ndiye huyohuyo mwandishi. Wan akaongoza. Kwanza walitengeneza kipande kifupi kisichofika dakika kumi, mwaka 2003, Whannell akiwa amevishwa kichwani ule mtego wa chuma wa kupasua taya, wakakipeleka Marekani kama sampuli ya kuombea kazi. Walipopata wa kuwaamini, walipewa takribani dola milioni 1.2 na siku 18 za kupiga picha nzima. Siku 18, Los Angeles, sehemu kubwa ndani ya jengo moja la zamani. Bafu ndilo lililojengwa. Sehemu nyingine nyingi walitumia vyumba vilivyokuwepo. Lile tukio la magari kufukuzana usiku lilipigwa humo ndani, gizani, moshi na taa zikitumika kuficha kwamba hakuna barabara.

Kuna mchangiaji amelalamika kwamba "imekatwakatwa, mara picha za mnato, mara kamera za ulinzi, hawajui kuhariri". Ndugu yangu, muda uliwaishia. Walipofika kwenye uhariri walikuta kuna vipande hawakuvipata, Wan akaziba mapengo kwa picha za mnato na picha za kamera za ulinzi. Nawe ukitazama vizuri, hadithi inamhusu mpiga picha anayewafuatilia watu kwa siri. Kiraka kimekaa mahali pake hadi ukadhani ndivyo nguo ilivyoshonwa. Hata yule mwanasesere anayewatisha watu wote duniani, Wan alimtengeneza kwa mikono yake. Na picha hiyo ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani.

Lakini fedha iliyoingia hainihusu sana. Kinachoniuma ni kwamba sisi hapa ndio tungepaswa kuielewa picha hii kuliko wengine. Nani hapa hajui kupiga picha kwa fedha ya kuunga, nyumba ya kuazima, siku za kuhesabu? Waigizaji wetu wanarekodi sebuleni kwa shemeji. Halafu mtu anakuja kumcheka mwenzake kwamba alikuwa na chumba kimoja. Kama chumba kimoja ndio kosa, basi tufunge tu kazi zetu zote za filamu leo jioni.

"Damu nyingi, picha la kichaa." Hapana. Huyu hajaiona. Anachanganya na zilizofuata, maana kuanzia 2005 hadi 2010 ilitoka moja kila mwaka, halafu nyingine 2017, 2021 na 2023, na ndani ya hizo kuna ambazo kwa kweli zimegeuka bucha. Ile ya kwanza kamera inakimbilia usoni kwa mtu. Unaona macho yake, unasikia pumzi, na akili yako ndiyo inayokata. Kumbukumbu ya damu uliyonayo umeitengeneza mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya picha ya kutisha iliyoiva.

"Kwa nini wasikate mnyororo?" Walijaribu. Imo ndani. Usingekuwa unajibu meseji ungeona.

Kuhusu stelingi, hili nitalijibu kwa upole kwa sababu naelewa linatoka wapi. Sote tumekulia kwenye mabanda ya video ambako sheria ni moja: stelingi hafi. Unamjua tangu anapoingia, unamshangilia, unatulia. Saw inakunyang'anya utulivu huo. Daktari ana siri zake, Adam ana zake, polisi anayefuatilia kesi, yule aliyechezwa na Danny Glover, naye akili yake imeshayumba. Huna wa kumshika mkono. Kama hilo limekukera, vizuri, maana limekugusa. Ila usiliandike kama kosa la picha.

Nitakubali kasoro moja, ili msiseme nimepofuka. Daktari, Cary Elwes, kuelekea mwisho analia kupita kiasi, na kuna sentensi mbili tatu anazitamka kama mtu aliye kwenye jukwaa la shule. Hilo ni kweli na lilinisumbua hata 2006. Pia ukikaa ukahesabu, mipango ya yule mchezeshaji inategemea bahati nyingi mno. Njooni na hoja za aina hiyo tubishane mpaka asubuhi, nitafurahi.

Narudi kwa mtafsiri, sijamalizana naye.

Mimi si adui wa picha zilizotafsiriwa. Nimekua na sauti ya mtafsiri Lufufu, na bibi yangu asiyejua neno la Kiingereza alicheka na kulia kwa sababu ya kazi ile. Mtafsiri mzuri anakukalisha karibu na picha, anasema kinachosemwa, anaongeza chumvi kidogo pale penye mapigano, na anajua kunyamaza. Wa Jumamosi hajui kunyamaza. Saw ina sehemu ambazo hakuna anayeongea, taa zinawashwa moja moja, unasikia mnyororo ukisuguana na vigae. Alizijaza zote kwa maneno. Dakika za mwisho kuna muziki wa Charlie Clouser, ule unaoanza taratibu halafu unapanda wakati mambo yanafunguka moja baada ya jingine. Ni muziki uliotungwa kwa ajili ya dakika hizo. Akiwa juu ya muziki huo, akataja namba yake ya simu na duka lake. Mara mbili.

Na kama kweli unaitafsiri kwa watu ambao hawajaiona, kazi yako ya kwanza ni kuwalinda. Msimulizi wa hadithi hata kijijini haanzi na mwisho. Bibi angekurushia kibao cha mbuzi.

Jambo jingine, na hili nalisema haraka: toleo hilohilo linaoneshwa kwenye vibanda umiza mchana kweupe, watoto wa darasa la tatu wamekaa mbele kwenye benchi. Hii ni picha ya watu wazima. Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri kwa sababu. Mwenye kibanda anaona shilingi mia mbili tu.

Ombi langu ni hili. Wauza muvi, andikeni kwenye faili kama imetafsiriwa, mteja achague. Watafsiri, rekodini mkiwa mmeshaiona picha mara ya pili, na mkijua jibu, lifungieni mdomoni. Na wachangiaji, mkitaka kuiponda, iangalieni nzima, usiku, simu mbali, kwa sauti yake yenyewe. Na kwenye uzi huu NAOMBA mtu asiandike mwisho. Nimeandika yote haya bila kuutaja, nanyi mnaweza.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu. Aliyesema mtafsiri naye anatafuta riziki, sijakataa. Fundi cherehani naye anatafuta riziki, lakini akikuchania kitambaa ulichotunza miaka mitatu utamdai. Aliyeandika mwisho kwenye jibu la sita, nimeomba wasimamizi walifute. Na aliyeuliza kama dogo ataiangalia tena toleo halisi: nimemuuliza leo asubuhi. Amesema hapana, ila amemwambia rafiki yake mmoja asiisikilize kwa mtu yeyote, waje wote wawili Jumamosi, yeye atakaa nyuma amtazame mwenzake usoni.