Kampuni tatu, namba moja ya simu: nifanyeje?

Kalekye_Kayole: Wadau, naombeni ushauri. Kikundi chetu cha wakazi kinafuatilia pesa za umma. Nilipakua orodha ya tenda zilizotolewa, nikailinganisha na ile ya wazabuni waliosajiliwa. Kusafisha majina tu kulinimalizia wiki mbili, maana "Ltd", "Limited" na nukta moja huifanya kampuni moja ionekane tatu. Sasa nimepata kampuni tatu zenye namba moja ya simu na sanduku moja la posta, zote zikishinda tenda za idara moja. Wenzangu wanataka tuyaanike majina Facebook leo usiku. Mimi moyo unasita, lakini kunyamaza pia kunaniuma. Hizo ni dawa zetu na mitaro yetu.

Mwana_wa_Takwimu: Dada, usiyaweke bado. Kampuni yangu niliisajilia saiba (duka la intaneti) ya River Road, Nairobi, na mwenye saiba akajaza namba yake. Sisi wa AGPO, ule mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wengi tuko hivyo. Angalia kama hizo tatu zilishindana katika tenda ileile. Zikiwa zilishindana, hapo pana neno.

Mzee Karani: Nimekaa ofisi za ununuzi miaka mingi, mwanangu. Panga malipo kwa idara, mzabuni na tarehe. Ukiona kazi moja imekatwakatwa, kila kipande kikiwa chini kidogo ya kiwango cha kotesheni, yaani kununua kwa kuomba bei tu bila tenda ya wazi, kumbuka kifungu cha 54 cha Sheria ya Ununuzi ya Kenya ya 2015 kinakataza. Kisha tazama namba za ankara. Machi 014, Mei 015, Agosti 016: huyo hana mteja mwingine duniani! Na uliza hati ya kupokea mzigo, nani aliitia sahihi.

Wakili_Mtaani: Toa CR12, ile hati rasmi ya usajili wa kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi na wenye hisa. Mkataba uombe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 kukujibu. Ushahidi ukiungana, peleka EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre. Wana njia ya kuripoti bila kutaja jina.

Kalekye_Kayole: Asanteni sana. Nimerudi kwenye faili. Mbili kati ya hizo tatu ziliomba tenda moja, mwaka jana. Wenzangu wamekubali kusubiri. CR12 naitoa kesho asubuhi, na katika hiyo barua, Mzee, nitataja hati ya mzigo kwanza kabisa.