Naomba ushauri: binti wa kitengo changu anakumbatia kila mtu, nimfundisheje kujilinda?

Mwl_Temeke
Wanajamvi, habari za jioni. Nafundisha kitengo cha ulemavu wa akili kwenye shule ya msingi huku Temeke. Nina watoto 17, baadhi wana usonji.

Nina binti wa miaka 14. Huyu akikuona anakukumbatia, uwe mgeni, uwe mwenyeji, uwe fundi uliyekuja kuziba bomba. Wiki iliyopita nilimsindikiza kituoni, konda akamwita, "Njoo hapa mchumba." Akaenda mbio, akampa mkono, anacheka. Nilimtoa palepale, lakini usiku sikulala. Je, siku ambayo sipo?

Kinachoniuma ni kwamba sisi wenyewe ndio tumemzoesha hivi. Tangu aanze shule tunamsifia utii: kaa, simama, msalimie mgeni, mpe mkono. Kukataa hatujamfundisha hata siku moja. Halafu hedhi imeanza Januari, na mama yake humfungia ndani siku zile, masomo yanampita. Nikigusia kumfundisha sehemu za mwili, mama anasema nitamfumbua macho mtoto. Nianzie wapi?

Mstaafu wa Chaki
Pole mwalimu. Mimi nilisomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, kazi hii nimeifanya mpaka nimestaafu. Anza na kukataa, mwili utafuata. Mimi nilianzia kwenye uji wa saa nne. "Nikuongezee sukari?" Mtoto akisema hapana, siongezi, hata kama najua anaipenda. Akishaona hapana yake inasikilizwa kwenye kikombe, ndipo unampeleka kwenye mwili: "Nikusuke?" "Nikushike bega?" Na wewe ukikataliwa, acha kweli.

Usimwambie "usiongee na usiyemjua". Konda anayemwona kila asubuhi kwake si mgeni, na wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani. Piga picha za mama, bibi na wengine wachache wa kukumbatiwa, zibandike kwenye daftari lake. Waliobaki wote anawapungia mkono. Mazoezi fanyia kituoni kwenyewe, maana watoto wetu la darasani hulijua darasani tu.

Chapakazi
Wa kufundishwa ni huyo konda, siyo mtoto.

Mama Zai
@Chapakazi ni kweli, na mwalimu aongee na msimamizi wa kituo. Ila mtoto naye afundishwe, kesho atapanda gari lingine.

Mwalimu, mimi ni mzazi, Zai wangu ana Down syndrome, ule ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Hedhi nilimfundisha kwa juisi ya rosela kabla siku zake hazijafika. Nilichukua chupi ya zamani, nikachora kwa kalamu pedi inapokaa, akabandika mwenyewe. Nikamwagia kijiko kimoja. Akaona nyekundu, akabandua, akakunja kwenye gazeti, akatupa ndooni, akanawa. Tulirudia hivyo wiki mbili. Siku ilipofika hakulia.

Kuhusu mama, usimtajie elimu ya uzazi. Mweleze yaliyonikuta. Nyumbani huko chini tulikuita "aibu". Zai akawa anamwambia mwalimu wake "aibu inauma", mwalimu akadhani mtoto anaona haya. Siku mbili nzima! Kumbe ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, amefika zahanati anachemka. Tangu siku hiyo kwetu uke unaitwa uke.

Afisa Ustawi
Naongezea kwa uchache. Likitokea la kutokea, msimwogeshe, msifue nguo, mwahisheni hospitali. Dawa za kukinga VVU zina mwisho wa saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Simu 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Maneno yake yaandikeni kama alivyoyasema, na asihojiwe na kila anayefika. Mtoto wa namna hii ukimuuliza mara ya tano atakujibu unachotaka kusikia.

Mwl_Temeke
Shikamoo mwalimu mstaafu, na asanteni wote. Leo nimejaribu la uji. Nikamuuliza kuhusu sukari, akasema hapana, akanikazia macho kuona nitafanya nini. Nikaiweka sukari pembeni. Akaunywa uji ule wote bila sukari, kisha akaja kunishika mkono: "Mwalimu, niulize tena."

Ijumaa mama yake anakuja shuleni. Mama Zai, hiyo rosela uliichanganya na maji kiasi gani? Nataka aone kwa macho yake.