Igizo la kanjo na mama mboga: nifanyeje watu wajadiliane badala ya kucheka tu?

Jukwaa_la_Mtaa:
Wadau, tunaandaa igizo shirikishi la dakika 15 kuhusu hongo, litaonyeshwa uwanja wa wazi Kayole, Nairobi, Jumamosi saa kumi jioni. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anamkuta mama mboga kando ya barabara, anataka pesa, mama anakataa, sukuma wiki zinaishia mtaroni. Kwenye mazoezi watazamaji wanaangua kicheko kanjo anapofungua mdomo tu, kisha mjadala unafika "hongo ni mbaya" na kuishia hapo. Nataka wafike kwenye swali la nani ana wajibu gani. Nirekebishe maneno, uigizaji au maswali?

Bi_Pazia:
Anza na huo mdomo wa kanjo. Mmempa lafudhi ya kabila fulani, sivyo? Mtazamaji akishaisikia, ameshaamua kwamba wakosaji ni "wale", na mjadala wa hongo umegeuka wa makabila bila mtu kutaja kabila. Mpeni lafudhi ya kawaida ya Nairobi na mwite "Afisa", basi. Tena si adabu pekee: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inapozungumzia maneno ya kuchochea chuki ya kikabila inamgusa hata anayeongoza mchezo wa kuigiza wa hadhara.

Pili, litoe neno "hongo" kinywani mwake. Mwenye kudai hongo halitaji. Husema "ongea vizuri, mama", "jipange", "toa ya chai". Na chai kwetu ni ukarimu. Anayeninyima chai ni mchoyo. Kwa hiyo mama akikataa anaonekana mkaidi, wala haonekani mwadilifu. Hapo ndipo penye nyama ya igizo lenu. Chezeni kipande hicho mara mbili. Kwanza Afisa aseme "toa ya chai". Mara ya pili aseme "nipe shilingi 200 nisikukamate". Kingine chochote kisibadilike: mkono ule ule unaonyooshwa, hatua zile zile, sauti ile ile. Baada ya kila mara uliza mama amekosea wapi. Majibu yakitofautiana, hadhira yenyewe itaanza kuuliza kwa nini, na wewe nyamaza uwaache.

Kalamu_Nyekundu:
Bi Pazia kasema la nomino, mimi naongeza kitenzi, maana humo ndimo wajibu unamofichwa. Linganisha: "mboga zilimwagika", "mboga zilimwagwa", "Afisa alimwaga mboga". Katika sentensi ya kwanza hakuna mtenda kabisa, kana kwamba beseni lilijikwaa lenyewe. Ya pili inakiri kwamba upo mkono, ila haisemi wa nani. Ndivyo pia pesa za umma "zinavyopotea", kama kwamba zina miguu.

Chukua muswada, upigie mstari kila kitenzi cha kutendeka (kama "zilimwagika") na cha kutendwa (kama "zilimwagwa") kinachohusu dhuluma, na pembeni uandike aliyetenda ni nani. Ruka zile za uwezekano, kama "barabara haipitiki". Hizo hazifichi mtu. Kisha usikimbilie kuvigeuza vyote! Afisa akimpigia mkubwa wake simu, aseme "zilimwagika", kwa kuwa ana sababu ya kusema hivyo. Mama aseme "umezimwaga". Mwezeshaji, yaani anayeongoza mjadala, azirudie sentensi hizo mbili polepole, aulize ipi ingeandikwa kwenye ripoti na nani angefaidika nayo.

Kosa ninaloliona sana kwenye miswada ni msimulizi kuongea kama Afisa. Msimulizi akisema "zilimwagika", hadhira imeshapewa hukumu.

Sheng_ni_Lugha:
Nakubaliana na Bi Pazia kuhusu lafudhi, lakini tahadhari msije mkasafisha mpaka igizo likawa taarifa ya habari. Angalieni nani anaongea nini. Mama akiongea Kiswahili sanifu na Afisa Sheng, vijana wataona mwalimu anamkemea mwenzao, na watamtetea Afisa. Wapeni wote wawili lugha ya mtaa. Kiingereza kitumike mara moja tu, Afisa anapotaka kumtisha mama kwa sheria; kikitumika mara tano kinakuwa kichekesho na nguvu yake inaisha.

Lugha ndiyo huamua nani anaingia kwenye mjadala. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza yenye ukosoaji mkali, na haikumfikisha popote pabaya. Tamthilia ya Kigĩkũyũ aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikachezwa na wanakijiji wenyewe Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilipigwa marufuku Novemba mwaka huo huo, naye akatiwa kizuizini mwaka ukiisha.

Mwezeshaji_Eastlands:
Maswali sasa. "Je, hongo ni mbaya?" lina jibu moja, litupe. Uliza "Pale aliposimama, mama alikuwa na njia ngapi?" na "Muuzaji wa meza ya pili aliona, mbona amenyamaza?" Kama huyo muuzaji hayumo, mwongezeni leo, bila shahidi hakuna mjadala wa wajibu, kuna ugomvi wa watu wawili tu.

Igizo liishe vibaya, kisha lirudiwe haraka kidogo, na mtazamaji akisema "simama" apande jukwaani. Fuateni sharti la Augusto Boal wa Brazili, mwasisi wa maigizo ya aina hii: anashika nafasi ya anayeonewa au ya shahidi, kamwe si ya mwonevu. Akigeuka Afisa mpole, tatizo limeondoka kwa uchawi na hakuna aliyefikiri. Tengeni dakika 40 za sehemu hii. Barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, iwe imefika siku 3 hadi 14 kabla ya siku yenyewe.

Jukwaa_la_Mtaa:
Asanteni sana. Muuzaji wa pili ameingia, anauza nyanya. Na mtu akipanda akataja jina la kanjo halisi wa hapo?

Mwezeshaji_Eastlands:
Inua mkono papo hapo, igizo lisimame. Sema "hapa tunamwita Afisa", umwombe arudie sentensi yake yote kwa neno hilo. Usimshushe wala usimnyang'anye kipaza sauti, maana wengine hawatapanda tena. Kama ana malalamiko ya kweli, mwenzako mmoja akae pembeni na daftari, amsikilize baada ya onyesho, mbali na watu na mbali na simu zinazorekodi.